Miezi Mitatu Iliyobaki Kwenye Utepe wa Baba

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, baba yangu alipokunjua utepe wake wa kupimia nguo juu ya meza ya karani wa Kizungu, nami nikatamani ardhi ipasuke niingie. Jana ulinijia na karatasi mbili za benki, ukaniuliza ipi nafuu, nami nikakwambia uje leo. Nadhani ulifikiri mzee amechoka. Sikuchoka. Nilipoziona karatasi mbili zimelala sambamba mezani, niliiona asubuhi ile, na nikaona heri nikusimulie kwanza kabla sijafungua mdomo juu ya hesabu zako.

Nakuita mwanangu ingawa si mimi niliyekuzaa, na mama yako ameniambia habari nzima. Mnataka kununua nyumba, mtalipa pamoja, yeye kwa samaki wa moshi anaowapandisha kutoka Yanonge na wewe kwa mshahara wako. Kifaransa hakijui, kwa hiyo wewe ndiye unayemsomea. Kuna jambo jingine aliloniambia, lakini hilo nitalifikia mwisho. Kaa vizuri, chai ipo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani mwa duka moja katikati ya mji, mtaa tunaouita leo Makiso, wakati mji wetu bado ukiitwa Stanleyville, na sisi tukikata jina hilo na kusema Stan tu. Sisi ni Waislamu wa hapa wa zamani, watoto wa watu waliokuja na misafara ya biashara wakaoa na kubaki. Lakini pamoja na uzamani wetu wote, nyumba hatukuwa nayo. Tulipanga vyumba viwili kwa mzee mmoja wa kwetu, na kila mwezi ulipoandama baba alimpelekea kodi yake mkononi. Baba hakutamani baiskeli wala redio. Alitaka mlango. Alikuwa akisema kwamba siku yake ikifika, anataka kutolewa katika mlango wake mwenyewe, asiwepo mtu wa kuombwa ruhusa. Alisema hivyo akishona, akila, hata akimnyoa mdogo wangu kichwa. Mama alimwambia aache kuzungumza mauti kila siku, naye alijibu kwamba yeye anazungumza mlango.

Mimi alinipeleka shule ya wamisionari. Ili wanipokee ilibidi nipewe jina jingine, basi nyumbani nikawa Hamadi na darasani Albert. Baba alilimeza hilo kwa sababu alitaka mmoja wetu ajue karatasi za wakubwa zinasema nini. Alilipa gharama kubwa kuninunulia Kifaransa, mwanangu, na utaona nilimlipa nini.

Nilipokuwa na miaka kumi na minane hivi, ofisi ya nyumba ilikuwa imejenga safu za nyumba za matofali upande wa Tshopo, ikiwauzia watu wenye kazi kwa malipo ya kila mwezi. Baba alikwenda kuzitazama mara tatu. Habari ya riba aliimaliza na mwalimu wake wa msikitini, na hayo ni yao, sitayaingilia. Kisha akavaa koti lake la Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, akaniambia nimfuate.

Karani alikuwa Mbelgiji kijana, amefika karibuni, hana neno la Kiswahili wala la Lingala. Alinipita kwa miaka michache tu. Aliniuliza jina, nikasema Albert, akanipa mkono. Hujui maana ya Mzungu kukupa mkono siku zile. Nilivimba kichwa papo hapo.

Akaweka karatasi mbili mbele yetu. Nyumba ile ile, bei ile ile, lakini njia mbili za kulipa. Ya kwanza miaka kumi, faranga mia nne na hamsini kila mwezi. Ya pili miaka kumi na mitano, faranga mia tatu na hamsini kila mwezi. Mimi nilitazama mstari wa mwezi tu. Nikaona faranga mia moja zinabaki mfukoni kila mwezi, na kabla baba hajavuta kiti nilikuwa nimekwisha kuzivaa kichwani mwangu: suruali ya kukunjwa chini, viatu vya rangi mbili, na Jumapili kwenye muziki. Nikamwambia baba hii ya pili ndiyo nafuu, hata mtoto anaona.

"Hii ya kwanza iko myezi ngapi?" akaniuliza.

"Mia moja na makumi mbili, papa."

"Na hii ingine?"

"Mia moja na makumi munane."

Hapo ndipo alipouvuta utepe shingoni, maana hakuwa akitembea bila utepe, akaukunjua mezani juu ya karatasi za watu. Sentimita moja, mwezi mmoja. Akaweka kidole kwenye mia na ishirini. Kisha akatafuta mia na themanini, na utepe ukamwishia, kwa sababu utepe wa fundi una sentimita mia na hamsini tu.

"Unaona," akasema. "Meta yangu inaisha, deni bado iko naendelea. Hapana. Na tena, piga hesabu ya yote mupaka mwisho, uone."

Nikapiga. Ya kwanza ilifika elfu hamsini na nne. Ya pili, ile yangu ya nafuu, ilifika elfu sitini na tatu. Elfu tisa juu, yaani malipo ishirini mazima ya karatasi ya kwanza, kwa nyumba ile ile na bati lile lile. Baba akanong'ona peke yake hizo ni kanzu ngapi, akihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Karani akatabasamu. Sidhani alikusudia ubaya, pengine hata alipendezwa, lakini mimi nililiona tabasamu lile nikahisi masikio yanawaka. Albert aliyepewa mkono amekaa na mzee anayepima deni kwa utepe.

"Alors, tunakamata hii ya kumi," akasema baba. "Lakini umuulize kwanza kitu moja. Mie nalipaka watu mwezi ikionekana. Na mwezi yetu iko mufupi kuliko yao, kila mwaka tunawapita siku kumi na moja. Nikileta franga mbele ya siku yao, atapokea? Atahesabu kama nimelipa?"

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote yaliyoulizwa mezani pale. Nalijua leo. Siku ile nilichosikia ni mwezi, Mwislamu, utepe. Nilijiona nikimweleza kijana yule wa Kizungu kwamba baba yangu hutazama angani ndipo alipe nyumba. Na ile suruali ya ndoto yangu nilikuwa nimekwisha kuvuliwa, bado nilikuwa na kinyongo. Basi nikamgeukia karani nikamwambia kwa Kifaransa safi, "Baba yangu anakushukuru sana." Karani akainamisha kichwa kwa adabu akajibu si kitu. Nikamgeukia baba.

"Wanakataa, papa. Kila malipo na tarehe yake."

Baba akaukunja utepe wake. "Bon. Kama ni sheria yao." Akachukua kalamu akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, taratibu, kama alivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani, na kazi ikaisha.

Tulihamia. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, sakafu ya saruji na madirisha ya mbao, na mama akashinda wiki nzima akifungua na kufunga madirisha bila sababu. Baba akanunua utepe mpya wa kazi, ule wa zamani akautundika ukutani. Kila nilipotoka kulipa alipiga mshono mmoja wa uzi mwekundu kwenye sentimita yake. Jirani yetu, fundi mwashi aliyeanza kulipa mwaka mmoja kabla yetu, alipenda kuja kuutazama na kumtania baba kwamba anashona nyumba.

Lakini baba hakuuacha mwezi wake. Kila mwezi mwandamo aliweka faranga mia nne na hamsini katika kopo la biskuti, na tarehe ya ofisi ilipofika mimi nilizitoa nikapeleka. Kwa kuwa mwezi wake ulikuwa mfupi, kopo lilianza kuitangulia ofisi. Mwanzoni siku chache tu. Baada ya miaka mitatu hivi kukawa na malipo mazima ya mwezi mmoja yamelala pale, hayana kazi. Baadaye mawili. Baba alilitikisa kopo na kucheka. "Tunawapita," alisema. "Basi tu hawataki kupokea." Na mimi nilikuwa ninakula chakula chake, natazama sahani.

Ningeweza kusema siku yoyote. Uongo wa asubuhi moja, ungekwisha kwa kofi moja na karipio. Lakini kila mwezi uliopita ulizidi kuwa mzito, na mimi nilikuwa mtu wa ofisi sasa, karani katika ghala la bandarini, watu wakiniita monsieur.

Uhuru ukaja. Tuliimba, tukacheza, tukalia pia. Wazungu wengi wakaondoka, na kwenye dirisha la ofisi ya nyumba akakaa mtu wetu, Monsieur Lokwa, mtu wa mto kutoka Isangi, mpole, mwenye Kiswahili na Lingala na Kifaransa vyote. Sasa baba angeweza kwenda mwenyewe akauliza kwa kinywa chake. Hakwenda, kwa sababu alikwisha kuuliza, na mwanawe alikwisha kumjibu. Siku moja nikiwa kwenye foleni niliona mama mmoja mbele yangu akilipa miezi miwili kwa mpigo, na Lokwa akampigia mihuri miwili bila hata kuinua macho. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimesema uongo bila kujua ukweli ni upi. Tangu siku hiyo nilijua, na bado nilinyamaza.

Ukaja mwaka wa uasi. Redio zilisema mji huu umeanguka, kesho mji ule. Tulikuwa tumesikia uvumi mwingi tangu uhuru, na mwingi haukufika popote, ndiyo maana watu wengi waliendelea na shughuli zao. Mwezi ukaandama. Baba akahesabu kopo na kuutazama utepe. Ukutani palikuwa na mishono mia na kumi na saba. Koponi palikuwa na malipo ya miezi mitatu, kamili.

Akaweka sindano chini, kitu alichokuwa hakifanyi kwa urahisi. "Hamadi, kwa mwezi yangu, hii nyumba inaisha leo. Franga ya myezi tatu iko hapa. Kwenda uwaombe tena. Uwaambie mambo inaharibika, mie niko muzee, wanipokelee hii mara moja tu. Wanipe karatasi yangu."

Nikachukua fedha. Nikaenda. Mwanangu, nilifika mpaka dirishani. Lokwa akaniona akasema, "Albert, leo haiko tarehe yako. Iko nini?" Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umezishika noti.

Utaniuliza kwa nini sikuzitoa. Hata mimi nimejiuliza maisha yangu yote. Baba yangu alikuwa mtu wa kwenda kushukuru. Aliyemtendea wema, baba alimshonea shati akampelekea mwenyewe. Nilijua nikirudi na karatasi, kesho yake asubuhi atakuwa kwenye dirisha lile na shati la Lokwa mkononi, akisema asante kwa kuivunja sheria yenu kwa ajili yangu, na Lokwa atamuuliza sheria gani, papa? Nikaona aibu hiyo karibu kuliko vita. Tena nikajidanganya: miezi mitatu ni kitu gani, itajiishia yenyewe, na siri yangu itaisha nayo.

"Ninapita kukusalimia tu," nikamwambia Lokwa.

Nikazunguka bandarini, nikatazama watu wakigombania nafasi kwenye boti na vifurushi vyao kichwani, kisha nikarudi nyumbani. Baba alikuwa amesimama mlangoni, hajakaa. Nikamwambia wamekataa. Akazipokea zile noti, hakuzihesabu, akazirudisha koponi.

Siku chache baadaye waasi waliingia mjini. Ofisi ikafungwa, Lokwa akajificha kwao Isangi, na tarehe za malipo zikapita moja baada ya nyingine na hakuna dirisha la kulipia. Yaliyofanyika mjini miezi ile umesomeshwa shuleni, na yale ambayo hukusomeshwa sitayasema mimi. Ndege na risasi zilipofika, tulitoka kwa mtumbwi, baba amelikumbatia kopo, mama amebeba utepe ndani ya kitenge. Tulishuka na mto mpaka Yanonge, kwa mama mmoja muuza samaki ambaye baba alikuwa akimshonea. Huyo mama alikuwa nyanya yako. Alitulaza kwake wiki nyingi na hakutuuliza tutaondoka lini. Sasa unajua kwa nini mambo ya nyumba ya mama yako yananihusu.

Tuliporudi tulikuta mapazia ya watu wengine madirishani. Familia ya afisa mmoja wa jeshi ilikuwa imekaa ndani, na mwanamke wake alitutazama bila chuki, akatuambia wamepewa kwa karatasi. Kwa yule mwashi jirani yetu pia waliingia watu. Lakini yeye alikuwa amemaliza kulipa mwaka uliotangulia, na hati yake ya nyumba alikuwa ameifunga tumboni muda wote. Aliionyesha, na baada ya wiki mbili watu wale walitoka. Niliwaona wakitoa vitanda vyao.

Ofisi ilipofunguliwa tulikwenda, baba na mimi. Lokwa alikuwepo, amekonda. Akafungua kitabu kikubwa, akashuka nacho kwa kidole.

"Papa, hapa iko mia moja na kumi na saba. Inabakia tatu."

"Tatu iko hapa," baba akasema, akaweka kopo dirishani.

Lokwa hakuligusa. Akaeleza polepole, kwa Kiswahili, ili mzee aelewe: nyumba ambazo hazikumalizwa na wenyewe hawakuwapo, amri ilitoka juu zipewe wengine. Jina jingine limekwisha kuandikwa. Iliyomalizwa hawawezi kuigusa. Isiyomalizwa ni ya ofisi. Baba akauliza kama fedha za miaka kumi zitarudi, Lokwa akasema hajui wa kumuuliza.

Kisha, kwa huruma tu, akasema, "Lakini papa, juu ya nini hamukuleta mbele ya vita? Franga ilikuwako. Tangu wakati ya Wazungu tunapokeaka. Iko imeandikwa." Akageuza karatasi yetu wenyewe, akaweka kidole kwenye mstari wa nyuma. Halafu akanitazama. "Hata Albert alikuja hapa kwa dirisha, siku chache mbele ya vita. Alisema anapita kunisalimia tu."

Baba alikuwa akilifunga kopo. Kifuniko kilikuwa kimepinda safarini, alichukua muda kukiingiza. Kilipoingia akasema, "Monsieur Lokwa, kosa iko yangu. Mie ndio sikuuliza."

Tukatoka. Nilitembea nyuma yake, si kando yake, mpaka karibu na soko. Pale akasimama, akaninyooshea kopo. "Shika," akasema. "Mukono yangu inachoka." Nikalishika.

Tulirudi kupanga, vyumba viwili kwa mwenye nyumba mwingine. Nilingoja anitukane, hakunitukana. Nilikonda kwa kungoja. Mwishowe, baada ya miezi, nilikwenda barazani anaposhonea nikapiga magoti nikamwomba msamaha. Alikuwa akitunga uzi. Akaniuliza jambo moja tu.

"Ile siku ya kwanza. Ulimuambia Muzungu nini?"

"Nilimuambia unamushukuru, papa."

Akautazama uzi dhidi ya mwanga. "Kumbe nilishukuru," akasema, na akaurudia mshono wake.

Alinisamehe, mama aliniambia hivyo, na namwamini mama. Lakini alipofariki, mimi ndiye mwana mkubwa, mimi ndiye niliyevaa kanzu nikavuka ua kwenda kwa mwenye nyumba kumwomba ruhusa ya kumtoa baba yangu katika mlango wake. Alikuwa mtu mwema, alikubali hata kabla sijamaliza. Nilisimama pale nimekubaliwa, na sijawahi kuumia vile, wala kabla wala baadaye.

Utepe ule ninao. Mishono mia na kumi na saba, halafu sentimita tatu tupu.

Haya, lete sasa karatasi zako. Naona moja ya miaka kumi na moja ya miaka ishirini, na wewe umepigia mstari malipo ya mwezi kwenye ile ya ishirini, kwa kalamu nyekundu. Nakufahamu, na mimi nilikuwa hivyo. Anza chini, kwenye jumla. Zidisha mwezi kwa miezi yote, weka jumla mbili ubavu kwa ubavu, na hiyo tofauti igeuze iwe vikapu vya samaki ili mama yako aione. Tazama pia miaka ya mwanzo: ni kiasi gani kinapunguza deni na ni kiasi gani kinakwenda kwenye riba ya benki, maana kwenye ile ndefu naona mwaka wa kwanza karibu wote mnailipa benki, nyumba bado haijaguswa. Uliza kama riba itakaa hapo au wanaweza kuipandisha. Uliza gharama za bima na za hati, ambazo hawaziweki kwenye mstari mnene. Deni ni la dola, na samaki wa mama yako wanalipwa kwa faranga, kwa hiyo hesabu siku faranga itakapoanguka, si siku ya leo tu. Na kama kweli ile fupi itawabana mpaka mlale na njaa, chukua ile ndefu bila aibu, lakini kwanza ujue mnaruhusiwa kulipa mbele bila faini. Geuza karatasi. Mambo mengine huandikwa nyuma.

Sasa nifikie lile jambo. Mama yako aliniambia kwamba alikutuma uulize benki kitu. Maji ya mto yakipungua samaki ni wengi, yeye anaweza kulipa mara mbili. Maji yakijaa samaki wanapotea, anataka apumzishwe. Alisema wewe ulimjibu kwamba benki imekataa. Jana nilikuuliza nani pale benki alikujibu hivyo, nawe ukatazama viatu vyako. Ni viatu vizuri, nilivisifu.

Sikukaripii, mwanangu. Mimi sina uso wa kumkaripia mtu. Nakuomba. Mama yako amekukopesha kinywa chake, na mwenye kukopesha kinywa hana njia ya kujua kilichosemwa. Nenda ukamchukue sokoni, hivyo hivyo na harufu yake ya moshi, mkae naye mbele ya mtu wa benki. Aulize mwenyewe, nawe utafsiri swali lake kama lilivyo, neno kwa neno, hata kama yule kijana mwenye tai atatabasamu. Mwache atabasamu. Akikataa, mtakuwa mmekataliwa kweli, na mtajua la kufanya. Na kama kuna jambo ulilomficha, mwambie leo njiani, wakati bado ni dogo na atakupiga kofi moja tu.

Utepe wangu sikupi, usiutazame hivyo. Kanunue wako, haufiki bei ya chupa ya bia.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usiomwonea haya aliyekuzaa. Awape riziki katika maji kidogo na katika maji mengi. Awajaalie kumaliza mapema, na mama yako apate mlango wake akiwa na nguvu za kuufungua na kuufunga wiki nzima bila sababu, na siku zake zikitimia, nyote wawili, asiwepo mtu wa kuombwa ruhusa.